Nikotini na Usingizi: Kwa Nini Mvutaji Hulala Bila Kupumzika

Askari wa usalama barabarani ana kifaa cha kupima pombe katika pumzi ya dereva. Hana kifaa cha kupima usingizi. Dereva wa trela aliyetoka Malaba jioni na kukesha njiani hadi Kampala, mwendesha bodaboda aliyeingia kazini kabla ya jua kuchomoza, na mlinzi aliyekabidhiwa bunduki alinde ghala hadi asubuhi, wote wanaweza kuwa hawakugusa kileo hata tone, na bado wakawa hatari kwao wenyewe na kwa wengine kwa sababu hawakulala inavyopasa.

Mambo yanayomnyima mtu usingizi ni mengi: kazi za zamu, kelele za mtaani, simu ya mkononi, madeni na maradhi. Yapo pia matumizi ya nikotini, ambayo hayatajwi mara kwa mara kwa sababu watumiaji wenyewe huyahesabu kuwa msaada. Wavutaji wengi husema kwamba sigara ya mwisho kabla ya kulala huwatuliza. Vijana nao huamini kwamba sigara ya kielektroniki haina neno, kwa kuwa haichomi tumbaku. Makala haya yanaeleza mambo yanayotendeka mwilini baada ya taa kuzimwa, na kwa nini tabia inayoonekana kuwa ya mtu binafsi huishia kugusa usalama wa jamii.

Usingizi ulio kamili

Usingizi hauna hali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu mzima hupita katika mizunguko inayojirudia usiku kucha, kila mmoja ukichukua takribani dakika 90. Mzunguko huanza kwa usingizi mwepesi, ule wa mang'amung'amu, ambao mlango ukisukumwa taratibu mtu huamka. Kisha hufuata usingizi mzito. Hapo mapigo ya moyo hupungua, shinikizo la damu hushuka, misuli hulegea na mwili hujijenga upya. Baadaye huja usingizi wa ndoto, ambao ndani yake ubongo hupanga kumbukumbu na kusawazisha hisia za siku iliyopita.

Usingizi mzito huwa mwingi katika nusu ya kwanza ya usiku, na wa ndoto huwa mwingi karibu na alfajiri. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kijana wa shule ya sekondari anahitaji saa 8 hadi 10. Hata hivyo, kuhesabu saa peke yake hakutoshi. Anayelala saa 7 za mang'amung'amu huamka mzito kichwani, mwepesi wa hasira na mgumu wa kukumbuka, kana kwamba hakulala.

Nikotini huuamsha ubongo

Nikotini ni kemikali iliyomo katika jani la tumbaku. Mtu anapovuta, kemikali hiyo hupita kwenye mapafu, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hujishikiza kwenye vipokezi ambavyo kwa asili ni vya asetilikolini, kemikali ya mwili wenyewe ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuuweka ubongo macho. Wakati huohuo tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini. Moyo huongeza kasi na shinikizo la damu hupanda. Mwili hujiweka tayari kwa kazi au kwa mapambano, wakati mwenyewe anatandika kitanda.

Hivyo basi nikotini ni kichangamshi, kama ilivyo kafeini iliyomo katika kahawa na chai. Mbona, basi, mvutaji huhisi ametulia anapovuta? Jibu liko katika uraibu. Ubongo unaozoea kupokea nikotini kila siku huongeza vipokezi vyake na kuanza kuidai. Kiwango kinapopungua katika damu, mtu hupata wasiwasi, hukosa utulivu na hushindwa kukaza fikra. Ndiyo hali ambayo vijana wa mjini huiita arosto. Sigara inayofuata huiondoa hali hiyo kwa muda mfupi, naye hudhani ametulizwa. Ukweli ni kwamba amerudishwa tu mahali ambapo asiyevuta yupo siku zote, na baada ya saa chache atadaiwa tena.

Kinachotokea usiku wa manane

Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondolewa kwa muda wa takribani saa 2. Tumchukue mtu anayevuta sigara yake ya mwisho saa nne usiku. Anapopanda kitandani, nikotini bado ni nyingi, hivyo hukawia kupata usingizi, na akiupata huwa mwepesi. Kufikia saa sita usiku imebaki nusu. Saa nane imebaki robo. Saa kumi alfajiri imebaki sehemu moja ya nane. Sasa tatizo hugeuka. Ubongo ulioizoea nikotini huanza kuidai katikati ya usingizi, na mtu hugaagaa, huamka mara kwa mara, au hufungua macho kabla ya adhana na majogoo akiwa na hamu ya kuvuta. Akiamka akavuta, huanza upya mzunguko uleule wa kuchangamshwa.

Kwa hiyo mvutaji huibiwa usiku mara mbili: mwanzoni kwa nikotini iliyozidi, na mwishoni kwa nikotini iliyopungua. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha wavutaji 40 na watu 40 wasiovuta, wakiwa wamepimwa mawimbi ya ubongo usiku majumbani mwao. Wavutaji walionekana kuwa na usingizi mzito pungufu na usingizi mwepesi zaidi. Walipoulizwa, asilimia 22.5 ya wavutaji walisema usingizi wao haukuwapumzisha, wakati miongoni mwa wasiovuta waliosema hivyo walikuwa asilimia 5.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watu 785 na kulinganisha walichotumia jioni na walivyolala. Nikotini iliyotumiwa ndani ya saa 4 kabla ya kulala ilihusishwa na usingizi uliokatikakatika. Kwa waliokuwa tayari na tatizo la kukosa usingizi, usiku wa namna hiyo ulikuwa na usingizi pungufu kwa zaidi ya dakika 40.

Kukoroma na kukatika kwa pumzi

Nikotini ni sehemu moja ya tatizo. Moshi ni sehemu ya pili. Moshi huwasha na kuvimbisha ngozi laini ya pua na koo, na makohozi huongezeka. Njia ya hewa ikiwa nyembamba, hewa hupita kwa shida na mtu hukoroma. Kwa baadhi ya watu njia hiyo hujifunga kabisa kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi kwa usiku mmoja. Kila mara ubongo hulazimika kumshtua mwenyewe ili avute pumzi, hata kama asubuhi hakumbuki chochote. Mwenzi wake wa kitandani ndiye huijua hali hiyo: mkoromo, kimya cha ghafla, kisha mtu hutweta kama aliyeokolewa majini.

Moshi wa tumbaku una pia hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mvutaji hulala akiwa na damu yenye uwezo mdogo wa kubeba oksijeni, katika saa ambazo kupumua kwake tayari kuna shida.

Nyumbani madhara hayabaki kwa mvutaji peke yake. Familia nyingi za mijini, na hata katika makazi ya askari, hulala katika chumba kimoja au viwili. Moshi hubaki hewani, kwenye mapazia, nguo na magodoro. Watoto wanaovuta hewa hiyo hupatwa zaidi na pumu, maambukizi ya masikio na kukoroma. Mtoto aliyelala vibaya husinzia darasani, na mwalimu humdhania mvivu.

Ipo pia hatari ambayo wenzetu wa kikosi cha zimamoto huitahadharisha kila mara: kuvuta ukiwa kitandani. Mtu aliyechoka hupitiwa na usingizi sigara ikiwa bado inawaka vidoleni. Godoro la sponji huweza kufukuta polepole kabla ya kushika moto, likitoa moshi wenye sumu unaomlevya aliyelala asiamke. Katika vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, moto wa kitanda kimoja ni moto wa majirani wote.

Sigara za kielektroniki na shisha

Sigara ya kielektroniki haichomi tumbaku. Betri hupasha moto kimiminika hadi kiwe mvuke, na mvuke huo ndio unaovutwa. Ndani yake kwa kawaida mna propilini glaikoli, gliserini, vionjo vya matunda au peremende, na nikotini. Ni kweli kwamba mvuke hauna lami wala kaboni monoksaidi kwa kiwango cha moshi wa sigara. Lakini kuhusu usingizi, nikotini ni ileile, iwe imetoka katika jani linalowaka au katika chupa ndogo yenye harufu ya embe.

Katika mambo mawili kifaa hiki humzidishia kijana hatari. Kwanza, sigara ina mwisho: ikiisha, mtu huizima na kuinuka. Kifaa cha mvuke hakina kishungi. Kijana huweza kukilaza chini ya mto na kuvuta mara moja moja hadi saa saba usiku, simu ikiwa mkono wa pili. Pili, vifaa vingi vya sasa hutumia chumvi ya nikotini, isiyowasha koo, hivyo anayejaribu kwa mara ya kwanza huweza kupokea nikotini nyingi bila kikohozi kumzuia. Aidha, mvuke hukausha kinywa na koo, na mtu huamka usiku kutafuta maji. Wazazi wafahamu kwamba baadhi ya vifaa hivi hufanana na kalamu au kifaa cha kuhifadhia data za kompyuta, na harufu yake tamu haimshtui mtu kama moshi wa sigara.

Shisha nayo huchukuliwa na wengi kuwa burudani nyepesi kwa kuwa moshi hupitishwa majini. Maji huupoza moshi, lakini hayaondoi sumu wala nikotini. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao cha shisha cha saa moja huweza kumvutisha mtu moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Kikao hicho kwa kawaida hufanyika usiku, na wahusika hutoka hapo wakiwa wamechangamka, wakashika usukani wa gari au kupanda pikipiki.

Kutoka kitandani hadi barabarani

Wanasayansi wamepima jinsi kukosa usingizi kunavyofanana na ulevi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, hali yake hulingana na ya mwenye kiwango cha asilimia 0.10, na katika nchi nyingi mtu wa kiwango hicho haruhusiwi kuendesha chombo chochote.

Ubongo uliochoka hujilaza wenyewe kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi au nusu wazi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya meta 60 katika sekunde 3. Katika umbali huo dereva hayupo, ingawa mikono yake iko kwenye usukani. Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, na tena alasiri, saa nane hadi saa kumi. Alama ya ajali ya namna hii hujulikana: gari limeacha njia taratibu au limeingia upande wa pili, na barabarani hapana alama ya breki.

Madereva wengi wa safari ndefu huvuta ili wasisinzie, na wengine huongeza mirungi. Nikotini huweza kweli kumzindua mtu kwa dakika chache, lakini hailipi deni la usingizi. Huliahirisha, kisha inapopungua uchovu hurudi pamoja na arosto. Mwenye kuvuta ili akeshe usiku hulala vibaya mchana, na kesho yake huhitaji kuvuta zaidi. Mlinzi na askari wa zamu wamo katika mtego huohuo. Anayesinzia lindoni huhatarisha mali na maisha aliyokabidhiwa, na mwenye silaha aliyechoka hukosea kuamua haraka kuliko anavyodhani.

Sheria inavyosema

Nchini Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 ilianza kutumika Mei 2016. Inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, sehemu za kazi na vyombo vya usafiri wa umma, na ndani ya meta 50 kutoka maeneo hayo. Inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 21, na inakataza kuuza sigara moja moja. Shisha, sigara za kielektroniki na tumbaku yenye vionjo haziruhusiwi kuingizwa nchini wala kuuzwa. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani na kampuni ya tumbaku, na Mei 2019 Mahakama ya Katiba iliitupilia mbali kesi hiyo.

Madereva wanaovuka mipaka wakumbuke kwamba jambo hili halikuanzia Uganda wala haliishii hapa. Tanzania ilitangaza marufuku ya shisha mwaka 2016, nazo Kenya na Rwanda zilifanya hivyo Desemba 2017.

Polisi hawawezi kusimama katika kila duka na kila baa. Mwenyekiti wa LC1, wazee wa mtaa na viongozi wa Mayumba Kumi ndio wanaojua ni duka gani huwauzia watoto sigara moja moja, na ni chumba gani kimegeuzwa kuwa ukumbi wa shisha. Taarifa hizo zifikishwe kwa ofisa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu. Hata hivyo, anayetaka kuacha asiogope; uraibu ni maradhi yanayotibika, na mlango wa kwanza wa kugonga ni wa kituo cha afya.

Namna ya kuurudisha usingizi

Wanaoacha tumbaku waelezwe ukweli mapema: siku za mwanzo usingizi huweza kuwa mbaya zaidi. Arosto hufikia kilele katika siku 3 za kwanza, kisha hupungua katika wiki 2 hadi 4. Ndoto zenye nguvu na kuamka usiku ni kawaida katika kipindi hicho. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani miili yao imeshindwa kuishi bila sigara, na hali wamebakiza siku chache tu wavuke. Hatua zifuatazo husaidia.

1. Chagua siku ya kuacha, na uwajulishe mke au mume, wazazi na wenzako wa kazini. Askari au dereva apange siku hiyo iangukie mwanzo wa likizo au mapumziko, ili siku 3 ngumu zisimkute kwenye usukani au lindoni.

2. Kama hujaweza kuacha, anza kwa kutovuta ndani ya saa 4 kabla ya kulala, na usivute kabisa ukiamka usiku. Sigara na kiberiti visikae karibu na kitanda.

3. Punguza kahawa na chai ya rangi karibu nusu unapoacha. Moshi wa tumbaku huliharakisha ini kuondoa kafeini mwilini. Mtu akiacha kuvuta, vikombe vilevile alivyozoea hukaa katika damu muda mrefu zaidi na kumkosesha usingizi, naye huilaumu hatua ya kuacha.

4. Muulize mhudumu wa afya kuhusu dawa za kusaidia kuacha, kama plasta au ubani wa nikotini. Ndoto za plasta zikikusumbua, muulize kama unaweza kuibandua kabla ya kulala.

5. Lala na uamke saa zilezile kila inapowezekana. Mwenye zamu ya usiku afunge mapazia mazito, azime simu, na aiombe familia imhifadhie saa zake za usingizi wa mchana.

6. Dereva apumzike kila baada ya saa 2. Akianza kupiga miayo mfululizo, au asikumbuke kilomita chache zilizopita, aegeshe mahali salama na alale dakika 15 hadi 20. Lepe hilo la usingizi lina faida kuliko sigara nzima.

7. Anayekoroma sana na kusinzia mchana aende hospitali, hata kama amekwisha kuacha kuvuta.

Mwili huanza kurekebika mapema kuliko wengi wanavyotarajia. Kaboni monoksaidi huondoka katika damu ndani ya siku moja au mbili. Wiki chache baadaye kikohozi hupungua, njia ya hewa hufunguka, na usingizi mzito huanza kurudi. Jirani aliyelala vyema huamka mvumilivu, hushika usukani akiwa na akili timamu, na hulinda lango akiwa macho kwelikweli. Kwa sababu hiyo Polisi wanawaomba wananchi walichukulie suala la tumbaku na usingizi kuwa sehemu ya usalama wa mtaa, walizungumze katika mikutano ya kijiji, na wamsaidie kila aliyeamua kuacha.